Taa Thelathini Zilizowaka Mchana

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumamosi, mashine ya umeme ya usharika wetu ilizimika kwa mara ya kwanza. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu niliiandika kwenye daftari nikiwa nimesimama kando yake, mikono ikinuka petroli. Ndani ya zahanati, hatua kumi na nne kutoka pale, walikuwamo watoto wangu wawili, mapacha, mvulana na msichana, waliozaliwa Jumatano kabla ya miezi yao kutimia. Walilazwa katika sanduku la mbao lenye mfuniko wa kioo, na chini yao, nyuma ya ubao wenye matundu, ziliwaka globu mbili. Joto lao lilitoka kwenye globu hizo. Ulikuwa mwezi wa saba, na kwetu mlimani, juu ya Moshono, ukungu wa mwezi wa saba huingia hadi ndani ya blanketi.

Mtu ninayetaka kumweleza hapa hakuwapo wakati huo. Alikuwa mjini, kwenye uwanja wake karibu na soko. Lakini kila nikimkumbuka naanzia saa hiyo, kwa sababu ndipo maneno yake yalipoanza kutimia, moja baada ya jingine. Nilikuwa nayo yote kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Tulimwita Fundi. Wakati wa Mwingereza Arusha ilikuwa na mafundi wengi, wa cherehani, wa baiskeli, wa saa, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, watu wa sokoni walikuelekeza kwake. Sikuwahi kumwuliza alikozaliwa, naye hakuwa mtu wa kusimulia ukoo. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, saumu yake haikuwahi kuvunjika, na alikuwa amejifunza injini jeshini, wakati wa vita. Aliyetaka kujua zaidi ya hayo aliambiwa ashike tochi.

Uwanja wake ulizungushiwa ua wa madebe yaliyonyooshwa. Ndani alikuwa na mashine mbili za umeme. Moja ilikuwa kubwa, imefungwa juu ya mkokoteni, na hiyo aliikodisha kwa harusi, maulidi, mikutano na dansi. Aliiita Bwana Harusi, kwa sababu, alisema, hutoka siku za sherehe tu, hupiga kelele nyingi, na kesho yake haina faida kwa mtu. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijani, kimo chake kama mbuzi aliyelala. Hiyo ilichaji betri za redio na za malori tangu asubuhi hadi magharibi, siku sita kwa juma. Aliiita Mama Watoto. Unga na mafuta ya nyumbani kwake vilitoka kwa Mama Watoto, wala hakuona haya kulisema.

Alisikiliza mashine akiwa ameipa mgongo. Mara nyingi nilimwona kwenye sherehe ameketi juu ya debe, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama watu. Ghafla aliweka kikombe chini na kuondoka. Sisi tulikuwa hatujasikia kitu. Alipofika kwenye mashine ndipo nasi tulipoisikia ikikwama kidogo, kama mtu anayetafuta neno. Spana ya plagi aliifunga kiunoni kwa kamba ya katani na hakumwazima mtu yeyote. Shoka aliazima, baiskeli aliazima, hata kanzu ya Idi alimwazima jirani aliyekwenda kuoa. Spana, hapana.

Mambo yake mengine hayakupatana. Mtu aliyewasha nusu ya sherehe za mji alitumia koroboi nyumbani kwake. Nilipomwuliza, alijibu kwamba umeme ni kazi, na akifika nyumbani anataka kulala. Alikodisha Bwana Harusi kwa msikiti, kwa kanisa na kwa watu wa dansi kwa bei ileile, ila kwenye dansi aligeuza debe lake akatazama ukutani mpaka ngoma ikaisha. Alidharau chakula chetu cha mlimani, hasa loshoro ya ndizi na maziwa, akisema haelewi kwa nini watu wenye ng'ombe na migomba waamue kuvichanganya. Nitaeleza baadaye jinsi alivyokula bakuli mbili.

Jambo moja hakulifanyia mzaha, nalo ni moshi. Palikuwa na harusi moja Kijenge, mvua ikaanza, na baba wa bibi harusi akaagiza Bwana Harusi aingizwe jikoni asilowe. Fundi alikataa. Akaambiwa jikoni pana dirisha. Akakunja nyaya zake, akarudisha fedha zote, akaondoka kwenye mvua akivuta mkokoteni, na watu wakala pilau kwa taa za chemli. Walimsema kwa mwezi mzima kwamba ana kiburi. Mimi aliniambia tu kwamba jeshini aliwahi kufungua mlango wa chumba kilichokuwa na mashine na askari watatu, na mashine peke yake ndiyo iliyokuwa bado inafanya kazi.

Sasa nieleze tulivyokutana kikazi. Siku hizo nilikuwa karani katika ofisi ya kahawa, na katika usharika wetu nilikuwa katibu wa kamati. Elimu yangu ya darasani ilikuwa fupi, kwa hiyo nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vikuukuu vya injini na umeme na kamusi moja isiyo na jalada. Nilijivunia hesabu zangu. Usharika ulikuwa umejenga zahanati na sasa ulitaka mashine moja ifanye kazi mbili: iwashe taa na vipaza sauti kwenye mikutano ya injili ya uwanjani, na isaidie zahanati wakati wa dharura. Dharura iliyofikiriwa zaidi ilikuwa lile sanduku la joto, ambalo Nesi wetu aliomba litengenezwe baada ya kufundishwa namna ya kulitumia.

Mjini mashine hazikuuzwa kwa wati, ziliuzwa kwa taa. Mwenye duka alikwambia hii ni ya taa tano, ile ya taa arobaini, na kila mtu alielewa. Nikajumlisha kwa lugha hiyo. Mikutano ilihitaji taa thelathini, vipaza sauti nilivihesabu sawa na taa sita, jumla thelathini na sita. Sanduku la joto lilikuwa taa mbili tu, na siku ya dharura hapatakuwa na mkutano, kwa hiyo halikuongeza kitu. Nikapiga mistari miwili chini ya jumla na kwenda kumwonyesha Fundi, kwa sababu kamati iliagiza apatikane mtu anayejua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Karani wa Mungu. Leo umekuja kuniandika nini? Maana wewe unaandika hata chafya."

Aliisoma karatasi yangu polepole, kisha akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kilichobaki.

"Umeandika mzigo mkubwa kuliko yote," alisema. "Mdogo kuliko yote uko wapi?"

Nilimjibu kwamba mashine inayobeba mkubwa haiwezi kushindwa na mdogo.

"Itaubeba. Lakini itauchukia."

Akanieleza, na mimi nikaandika. Injini kubwa ikipewa taa mbili haipati moto wa kutosha tumboni. Petroli inaungua nusu, masizi yanakaa kwenye plagi, na mwisho inazimika. Mlimani itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu hewa ya kwenu ni nyepesi na mashine hizi zimerekebishwa kwa hewa ya pwani. Alikuwa ameyaona malori ya Tanga yakifika miinuko yetu yakikohoa moshi mweusi. "Mimi mwenyewe nikipanda kwenu nahema," alisema, "na mimi sili petroli." Ushauri wake ulikuwa tununue mashine ndogo, kama Mama Watoto, pamoja na betri mbili.

Kwenye duka la vyuma mjini palikuwa na mashine mbili tulizoweza kuzifikiria. Kubwa ya taa arobaini ilitoka jeshini, imetumika, imepakwa rangi upya. Ndogo ilikuwa mpya, ya kuchajia, na betri zake mbili. Bei ya kubwa ilikuwa chini ya ile ya ndogo. Mtu yeyote wa kamati angeona hapo kwamba Mungu ametufungulia mlango.

Fundi alikuja kwenye kikao chetu siku ya Alhamisi, amevaa kanzu safi na spana ikiwa kiunoni. Aliketi karibu na mlango akauliza maswali. La kwanza lilikuwa nani ataibeba mashine. Wazee wakasema vijana wapo. Akawaambia kwamba dukani ile kubwa ilihitaji watu wanne kuifikisha mlangoni tu, na ile ndogo hukaa nyuma ya baiskeli moja. La pili, sanduku la joto huwashwa kwa muda gani? Mchungaji alisema anadhani ni saa chache, mpaka mtoto apate nguvu. Fundi akauliza Nesi yuko wapi, atujibu yeye. Nesi hakuwa mjumbe wa kamati na hakuna aliyekuwa amemwita. Alikuwa hatua hamsini kutoka pale, anafua bendeji.

Swali la tatu lilikuwa petroli itatoka wapi siku ya Jumapili.

"Jumapili sisi hatununui kitu, Fundi," alijibu mzee mmoja, na wote tukacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli na kwa kuwa aliyeuliza alikuwa Mwislamu. Hata Mchungaji alitabasamu. Fundi naye alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha akasema neno lake la mwisho, ambalo ninalo hadi leo katika kitabu cha kumbukumbu za vikao:

"Kwenye mkutano, asiyesikia atasogea mbele. Mgonjwa hasogei. Chagueni mashine kwa ajili ya asiyeweza kusogea."

Alipotoka nje ili tujadiliane, mzee yuleyule aliuliza swali ambalo kila mmoja alikuwa nalo. Huyu anakodisha mashine kubwa. Sisi tukinunua ndogo, mikutano yetu mikubwa tutamwendea nani? Si yeye? "Anatetea tumbo lake," alisema mzee. Mimi ndiye pekee niliyekuwa na maelezo ya kitaalamu mbele yangu. Ningeweza kusema kwamba yale ya masizi na hewa nyepesi yamo pia katika vitabu vyangu, kwa sababu nilikuwa nimeyatafuta na kuyakuta. Sikusema. Nilipenda jumla yangu ya taa thelathini na sita, na nilipenda pia kuwaonyesha wazee kwamba karani wao ameokoa fedha za usharika. Nikaandika: "Kamati imeamua kununua ya taa arobaini. Ushauri wa fundi umesikilizwa." Chini yake nikaandika kiasi tulichookoa, na nikakipigia mstari.

Mwaka mzima mashine ile ilifanya kazi vizuri sana. Taa thelathini uwanjani, nyimbo zikisikika hadi ng'ambo ya korongo, na watu walinipongeza. Fundi alipokutana nami sokoni aliuliza hali ya mashine, nami nilimjibu kwa majivuno kidogo. Hakuonyesha chuki. Alisema tu, "Inapenda mikutano, hiyo."

Mke wangu alikuwa amepoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilipofikisha miezi saba tulianza kuthubutu kuizungumzia. Jumatano asubuhi uchungu ukamshika, na kabla ya adhuhuri watoto wakazaliwa, wadogo mno, vidole kama njiti. Nesi aliwaweka kwenye sanduku, nikawasha mashine, na globu mbili zikawaka. Nikamwuliza Nesi watakaa humo kwa muda gani.

"Wiki tatu," alisema. "Mchana na usiku."

Nilikwenda nje nikahesabu. Mashine ilikunywa debe moja kwa saa kumi na tano, hata kwa taa mbili tu. Wiki tatu zilihitaji karibu madebe thelathini na manne. Tulikuwa na sita, na fedha nilizokuwa nazo zilitosha kununua jingine moja tu.

Jumamosi ikazimika. Nilifungua plagi nikaikuta nyeusi na yenye unyevu. Nikaisafisha, ikawaka kwa saa moja, ikazimika. Ikawaka kwa dakika arobaini. Kila ilipozimika Nesi alijaza chupa za maji ya moto na kuzifunga kwa flana, na mke wangu aliwachukua watoto kifuani mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wote wawili kwa pamoja walikuwa wanamponyoka. Tulikwenda hivyo hadi Jumapili alfajiri. Mvulana alikuwa ameacha kulia. Nikapanda baiskeli.

Nilimkuta Fundi ametoka kuswali. Nilimwambia mashine inakufa, na watoto wangu wamo kwenye sanduku. Alichukua mfuko wa spana, akanifuata mbio kwa miguu, kwa kuwa baiskeli yake alikuwa ameiazimisha. Kuanzia Kijenge, njia ilipoanza kupanda, nilimsikia akihema nyuma yangu, na mara mbili nilishuka kumsubiri. Mara zote mbili alinipita bila kusimama.

Nimewaona watu wengi wakitengeneza mashine. Hakuna aliyeitengeneza kama yeye asubuhi ile. Aliinusa kwanza. Akaweka kiganja juu ya bomba la moshi, mbali kidogo, akakitazama kilivyokuwa cheusi. Akapunguza petroli kwenye kabureta, robo mzunguko, kisha nusu. Halafu akaniuliza taa za mkutano ziko wapi.

"Stoo," nilimwambia. "Mkutano hakuna leo."

"Zilete zote. Hii ina njaa ya kazi. Ikipata kazi itaunguza masizi yake."

Tulizitundika kwenye uzio wa zahanati, kwenye mti wa kahawa, kwenye kamba ya nguo. Saa sita mchana, katikati ya ukungu, taa thelathini ziliwaka bila kumulika kitu. Waumini waliokuwa wakitoka ibadani walisimama barabarani kututazama. Mashine ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, halafu sauti yake ikanyooka. Ndani, globu mbili zilikaa bila kuyumba. Nesi alitoka kuja kutuambia kwamba mvulana amefungua macho.

Nilimshika Fundi mkono. Yeye alikuwa anatazama madebe.

"Yamebaki mangapi?"

Lilikuwa limebaki moja na nusu. Kwa taa thelathini yangetosha hadi saa saba za usiku. Tukipunguza taa, plagi itajaa masizi. Tusipopunguza, petroli itakwisha. Maduka yote mjini yalikuwa yamefungwa. Nilikimbia hadi shamba la mzungu lililo karibu. Mwenyewe hakuwapo na mnyapara hakuwa na ufunguo wa stoo. Niliporudi, Fundi alikuwa ameshachukua baiskeli yangu. Alimwachia Nesi maneno: anakwenda kumleta Mama Watoto, atarudi kabla ya petroli kwisha.

Hakuwahi. Mama Watoto alikuwa Sombetini, upande wa pili wa mji, kwa mteja mwenye malori aliyeomba mashine ilale kwake imalize kuchaji betri, na mteja alikuwa amefunga karakana na kwenda msibani. Fundi alikaa mlangoni pale mpaka mtu yule aliporudi, karibu na alfajiri. Petroli yetu ilikwisha saa saba kasoro. Zikabaki chupa na kifua cha mama yao. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, mvulana alifariki, akiwa mikononi mwa Nesi, kwa sababu ilikuwa zamu ya msichana kifuani.

Fundi alifika saa tatu, akisukuma baiskeli, Mama Watoto amefungwa nyuma na betri moja imening'inia kila upande wa usukani. Kanzu ilikuwa imemganda mwilini. Alinitazama usoni, akajua. Aliingia ndani, akavua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, akang'oa globu za umeme mkubwa na kufunga taa za lori, kwa kuwa Mama Watoto alitoa umeme wa betri tu. Alikuwa amekuja na taa nne za kufunga, mbili kwa kila mtoto. Alifunga mbili. Mbili nyingine alizifunga kwenye leso, polepole, akazitia mfukoni.

"Mashine lazima ipumzike," alimwambia Nesi, "na mtoto hawezi kupumzika na baridi. Betri zinakaa katikati yao. Ikizimika, usiogope, una saa tano za kuniamsha."

Debe moja lilikwenda zaidi ya siku mbili.

Alikaa kwetu siku kumi na tisa. Alilala stoo, kando ya ile mashine kubwa, ambayo hakuigusa tena. Kila saa aliamka mwenyewe. Nesi alimtania kwamba amekuwa mkunga, naye alijibu kwamba mkunga hulipwa kuku, kuku wake wako wapi. Siku ya tano mke wangu, ambaye alikuwa hajasema na mtu tangu maziko, alimpelekea bakuli la loshoro akasimama mbele yake. Fundi alilitazama bakuli, akamtazama mama wa watu, akala. Akaomba la pili. Mke wangu alicheka, sauti fupi, halafu akalia, na tangu siku hiyo alianza kula na yeye. Siku zote zile uwanja wa mjini ulikuwa umefungwa na wateja wa betri walikwenda kwingine. Nilipomletea malipo alisema nimnunulie plagi mbili mpya, hesabu imekwisha.

Kuhusu kikao chetu hakusema neno siku zile, wala kwa miaka mingi baadaye. Nilidhani hakujua.

Nilimwona kwa mara ya mwisho miaka kumi baadaye, wakati Mwingereza anafunga mizigo yake. Mji ulikuwa wa mikutano ya siasa kila Jumapili, na kila chama kilitafuta mashine. Bwana Harusi alikuwa ameshauzwa. Fundi alikuwa amezeeka vibaya, masikio yake yameliwa na mashine, na ilinibidi niseme karibu na kichwa chake. Nilikwenda na binti yangu, pacha aliyebaki, kumsalimia. Binti alimpa shikamoo, Fundi hakuisikia, lakini alimwita karibu, akamwekea kiganja mgongoni, kama alivyozoea kuweka juu ya injini siku hizo, akafumba macho na kungoja.

"Inavuta vizuri," alisema. "Haikwami."

Binti alipotoka kutazama uwanja, Fundi alianza kusema bila kuulizwa. Alisema ukuta wa chumba chetu cha kamati ulikuwa wa mbao. Siku ile ya Alhamisi alikuwa amesimama nje na wakati huo masikio yake yalikuwa mazima.

"Niliposikia mashine yenu inakufa, Mama Watoto alikuwa bado hapa uwanjani. Yule wa Sombetini alikuja kumchukua asubuhi ile nilipokuwa kwenu, kwa ruhusa yangu ya siku iliyotangulia. Ningeweza kuja naye. Nilichukua spana. Nilitaka wale wazee wanione nikiiwasha ile kubwa yao, waseme huyu mtu hakuwa anatetea tumbo lake."

Nilimwambia kosa lilikuwa langu. Alitikisa kichwa, sijui kama alinisikia.

"Karani," alisema, "jambo moja sikulisikia vizuri pale ukutani, nimekuwa nikijiuliza. Wewe uliandika. Kati ya ile kubwa na ile ndogo, mliokoa ngapi?"

Nilisogea karibu na sikio lake. Ilinibidi niseme mara mbili, na mara ya pili kwa sauti kubwa, hadi binti yangu akageuka uwanjani kututazama.

"Shilingi sitini na mbili."